Pini Moja ya Kona

Hotuba ya timu ya bolingi ya jumuiya yetu, iliyosomwa kwenye sherehe ya Uhuru hapa Columbus, Ohio

Ninyi watoto mlioanza kuiangalia ile meza ya pilau, vumilieni kidogo.

Katibu ametupa dakika ishirini, akatuomba tuseme jambo la kuchangamsha watu baada ya taarifa ya mweka hazina. Taarifa tumeisikia pamoja nanyi, na tunakiri kwamba kazi tuliyopewa si ndogo.

Sisi tuliosimama hapa ni wanne. Watatu ni wauguzi, mmoja anaendesha basi la shule. Sisi wauguzi tulikuja nchi hii kwa njia mbalimbali, lakini digrii zetu tumezipatia huku huku ugenini, mchana tukiwa darasani na usiku tukiwageuza wazee vitandani ili wasipate vidonda. Leo tuko kwenye miaka ya arobaini, migongo inalalamika, na tumeangukia mchezo ambao mtu angetuambia tukiwa Tanga, Moshi au Mbagala kwamba tutakuja kuupenda, tungemwuliza kama amekunywa dawa zake. Mchezo wenyewe ni bolingi.

Wengi wenu mmeucheza siku ya kuzaliwa ya mtoto, mkavaa viatu vya kukodi, mkatupa tufe mara tano mferejini, mkala piza mkaenda zenu. Kwa hiyo mtuwie radhi tukianzia mwanzo. Kuna njia ya mbao nyembamba, upana wake kama inchi 41 na nusu. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza ni futi 60. Pini ziko kumi, kila moja ina kimo cha inchi 15, zimepangwa pembetatu: moja mbele, nyuma yake mbili, kisha tatu, kisha nne. Zina namba. Ya mbele ni namba 1. Safu ya mwisho, kutoka kushoto, ni 7, 8, 9 na 10. Mzee wetu mmoja huziita chupa, na kweli ukiziangalia kwa mbali ni chupa za soda zilizopakwa chokaa.

Mna raundi kumi, na kila raundi unarusha mara mbili. Ukiangusha zote kwa tufe la kwanza, hiyo ni straiki. Ukizimalizia kwa la pili, hiyo ni speya. Straiki inakupa 10 na kuongezewa pini za matufe mawili yanayofuata. Speya inakupa 10 na kuongezewa pini za tufe moja linalofuata. Hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu, na hapo ndipo pini moja inapoanza kuuma.

Tufanye hesabu pamoja. Mchezaji wa kwanza anaangusha pini 9 kila raundi, na kila raundi anaikosa ile moja iliyobaki. Raundi kumi, tisa tisa: anamaliza na 90. Mchezaji wa pili naye anaangusha 9 kila raundi, hana straiki hata moja maisha yake yote, lakini ile moja iliyobaki anaiangusha kila mara. Kila raundi yake ni 10 na 9 za tufe linalofuata, yaani 19. Mara kumi ni 190. Wote wawili wana mkono uleule kwa tufe la kwanza. Tofauti yao ni pini moja moja tu, na imekuwa pointi 100 kamili. Sisi tulipoonyeshwa hesabu hii mara ya kwanza tulikaa kimya, maana tulikuwa tumecheza mwaka mzima tukitafuta straiki.

Sasa, kwa nini pini moja hubaki? Hapa tunaomba mtuvumilie, maana huu ndio ugonjwa wetu na tunapenda kuueleza kama wauguzi wanavyopenda kueleza vidonda.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, tufe zuri haliendi kuigonga pini ya 1 usoni. Linaingia kwenye mwanya ulio kati ya 1 na 3, nasi tunauita mfuko. Straiki iliyo safi kabisa, tufe lenyewe linagusa pini nne tu: ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9. Zile sita nyingine huangushwa na wenzao. Pini ya 1 inaigonga 2, 2 inaigonga 4, 4 inaigonga 7. Upande wa pili 3 inaigonga 6, na 6 inaigonga 10. Ya 5 ndiyo inayoiondoa 8. Ni kama habari ya msiba inavyosambaa hapa kwetu: mwenyekiti hapigi simu nyumba zote, anapigia nne tu.

Basi mnyororo huo ukikosea kidogo mahali pamoja, mtu mmoja hapati habari. Mara nyingi ni yule wa mwisho, namba 10, aliye peke yake kwenye kona ya kulia. Pini ya 6 badala ya kumgonga inaruka, inagonga ukuta wa pembeni, inamzunguka shingoni na kupita. Unaisikia sauti nzuri ya mbao, unaanza kuinua mikono, kisha unaona amesimama, hata hakutikisika. Kuna 10 nyingine inayobaki kwa unyonge: tufe limechoka, limesukumwa pembeni na pini za mbele, na ile 6 inalala mferejini polepole miguuni pa 10 kama paka. Ya kwanza inauma zaidi, kwa sababu hukukosea kitu unachokiona. Ukitumia mkono wa kushoto, kama mwenzetu wa basi la shule, adui yako ni 7 ya kona ya pili, na hadithi ni ileile iliyotazamwa kwenye kioo.

Kuna na nyingine. Pini ya 8 hubaki pale 5 inapoipita ubavuni bila kuigusa, na hiyo ni tusi, kwa maana tufe lako lilikuwa na nguvu na limeingia mahali pake. Pini ya 4 hubaki tufe likiingia katikati mno. Pini ya 5 ikibaki peke yake katikati ya uwanja ujue tufe limefika dhaifu, wala usimlaumu mtu. Lakini hatutazichambua zote, pilau linapoa.

Msidhani ni sisi wanafunzi tu. Mwendo wa saa mbili kutoka hapa ni Akron. Mwaka 1970 pale Akron yalifanyika mashindano makubwa ya mabingwa wa kulipwa, na fainali ilionyeshwa kwenye televisheni. Bwana Don Johnson, mchezaji mashuhuri wa zama zile, alipiga straiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya kumi na moja. Straiki kumi na mbili mfululizo ni 300, alama kamili ambayo haina nyongeza. Akarusha la kumi na mbili. Tufe likaingia mfukoni vizuri kabisa. Pini tisa zikaanguka, na namba 10 ikabaki imesimama. Yule bwana akaanguka kifudifudi pale pale kwenye ubao akabaki amelala. Alishinda fainali, 299 kwa 268, akachukua ubingwa. Lakini kila anayesimulia siku ile husimulia ile pini. Tulipoiona picha yake amelala chini tulifarijika sana, tuseme ukweli.

Watoto wetu wametuuliza kama huu ni mchezo wa Wazungu. Jibu letu huwa refu kidogo. Chama kikuu cha mchezo huu nchini hapa kiliundwa New York mwaka 1895, na kwa muda mrefu kanuni zake ziliruhusu wanachama wanaume weupe tu. Wanawake walianzisha chama chao St. Louis mwaka 1916, nako mweusi hakupokelewa. Ndugu zetu Wamarekani weusi hawakukaa kusubiri: mwaka 1939, mjini Detroit, waliunda chama chao wenyewe, wakawa na ligi zao na mashindano yao. Vyama vya wafanyakazi vikaungana nao kudai kizuizi kiondoke, na kikaondoka mwaka 1950. Hiyo ni miaka 11 tu kabla ya ile usiku ya Desemba 1961 bendera yetu ilipopandishwa Dar es Salaam na mwenge kuwashwa juu ya Kilimanjaro. Mweusi wa kwanza kushinda taji la mashindano ya kulipwa ya wanaume alikuwa George Branham wa Tatu, mwaka 1986. Baadhi yetu tulikuwa tayari shule ya msingi. Kwa hiyo tukivaa vile viatu vibaya vya rangi mbili, tunavivaa tukijua kuna watu waliozuiwa mlangoni.

Na mkono wenyewe hatukuupata Marekani. Sisi wanawake watatu wa timu hii tumecheza rede. Nani hapa hakucheza rede? Unasimama katikati unajaza mchanga kwenye chupa, huku na huku wenzako wanakulenga kwa mpira wa soksi. Aliyeweza kumlenga dada mwembamba anayeruka kama panzi, ataweza kulenga pini iliyosimama. Hivyo ndivyo tulivyojidanganya mwanzoni.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuleta hapa.

Dada yetu mmoja wa timu, amesimama hapa kulia kwetu, ametupa ruhusa tuseme. Wengi mnakumbuka mumewe alipofariki. Hatukuwa na mfuko wa misiba wakati ule. Tulipitisha bahasha, tulipiga simu hadi Texas na Minnesota, na mwili ulikaa siku 16 ukisubiri malipo na karatasi kabla ya kurudi nyumbani kuzikwa. Siku 16 mjane analala kwenye godoro sebuleni, na sisi tunahesabu dola za mojamoja kwenye meza ya jikoni. Mfuko wa misiba ulizaliwa pale jikoni. Na mwaka uliofuata kamati ikaanzisha siku ya bolingi ya kuuchangia, ambapo kila timu inatafuta wafadhili wa kuahidi kiasi fulani kwa kila pini.

Mwaka jana tulimwendea mzee wetu mwenye malori. Mnamjua, ameketi meza ya pili, anatuangalia. Alitusikiliza, akasema: kwa straiki sitoi hata senti, straiki ni kelele. Kila speya ya pini moja nitatoa dola 25. Na mchezaji wenu wa mwisho akiifunga raundi yake ya mwisho, nitazidisha jumla yote mara mbili. Tukacheka, tukaandika, tukasaini.

Tulicheza michezo mitatu. Hadi raundi ya mwisho kabisa tulikuwa na speya za pini moja kumi na moja, yaani dola 275. Anayebaki kurusha ni dada yetu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, saa kumi na mbili wodini, amelala saa tatu tu. Tukamwambia apumzike, mwingine amalizie. Akakataa. Alisema, mfuko huu unanidai.

Akarusha tufe la kwanza. Ndugu zetu, hatujawahi kuona tufe zuri kama lile kwa mtu wa timu yetu. Lilikunja taratibu, likaingia mfukoni, pini zikalia kama sahani zinazovunjika. Tisa. Ya 10 imesimama. Ile 6 ilimzunguka shingoni tukiwa tunaangalia.

Ukumbi mzima ukanyamaza. Watoto wakaacha michezo yao ya mashine wakaja. Akalichukua tufe lilelile, akasimama palepale upande wa kulia, akarusha kwa mkono uleule uliokunja. Tufe likaenda kulia, likaielekea, na katika futi za mwisho likakunja kushoto kama lilivyozoea, likaipita kwa upana wa kiganja.

Dola 275 zikabaki dola 275. Dada yetu alikwenda kukaa ndani ya gari. Tulimfuata, tukamkuta analia, akasema maneno ambayo hatukuyatarajia: nimekula pesa za watu nikashindwa kurudisha hata kwa pini moja. Tulimwambia mfuko haumdai mtu, na msiba si mkopo. Tulimwambia mara nyingi. Hatujui kama alitusikia siku ile.

Nasi tukamkasirikia mzee. Tuseme wazi, kwa kuwa yuko hapa. Wengine walimwendea wakamwambia, mzee, funga jicho, lipa hiyo mara mbili, si unaona mjane analia? Akasema ahadi ni ahadi, akaandika hundi ya dola 275 palepale, akampa mweka hazina mkononi, akaondoka. Wiki mbili tulimsalimia kwa mdomo tu. Kisha mweka hazina akatuonyesha daftari la ahadi za siku ile. Hatutasoma majina, ni sikukuu. Lakini waliokuwa wamepiga kelele sana ukumbini kwamba watatoa dola 500, dola 1,000, mistari yao ilikuwa mitupu, na mingine ni mitupu hadi leo. Aliyelipa siku ileile, kwa hesabu kamili, ni yule aliyetuudhi. Tulikwenda kumwomba radhi. Alitupa chai ya tangawizi akatuuliza: tufe gani lile mlilomwachia arushie kwenye kona?

Swali hilo ndilo lililotufungua. Kwa sababu kosa halikuwa la dada yetu peke yake. Sisi sote tulikuwa tunarusha kwa kona kama tunavyorusha kwa mfuko.

Basi tulichojifunza ni hiki, na yeyote anayetaka atakuja tumwonyeshe. Tufe lina upana wa inchi 8 na nusu hivi, na pini ina unene wa karibu inchi 5 tumboni. Kwa pini ya katikati una nafasi ya kama inchi 13 za kupitisha kitovu cha tufe na bado ukaigusa. Lakini ya 10 imekaa kama inchi 3 tu kutoka mferejini, kwa hiyo upande wa kulia nafasi imekatwa. Kwa hesabu yetu zinabaki inchi 9 hivi. Ukisimama kulia na kurusha kufuata ukingo, kosa dogo ni mferejini. Ukisimama kulia na tufe linalokunja, litaikimbia. Dawa yake ni kuhamia kushoto kabisa, na kurusha kwa kuvuka njia nzima mshazari, kupitia mshale wa katikati, ule wa nne kati ya saba iliyochorwa kwenye ubao. Hapo njia yote ni yako. Na macho yako yaangalie mshale, yasiangalie pini. Pini iko futi 60, mshale uko karibu.

La pili ni tufe lenyewe. Yale matufe ya bei kubwa yametengenezwa yashike ubao na kukunja. Kwa pini moja unataka tufe lisilo na akili nyingi, la plastiki, liende linakotumwa. Tulinunua moja lililotumika, ratili 12, rangi ya machungwa, lina jina la mtu tusiyemjua limechongwa juu yake. Tulizibisha matundu ya vidole tukatoboa upya yamkae dada yetu. Kama wauguzi tunawaambia jambo hili kwa uzito: tundu la kidole gumba likibana sana, utalishika tufe kwa nguvu, kifundo cha mkono kitaumia na tufe litakunja hata usipotaka. Na bega likianza kuwaka, acha. Hakuna speya yenye thamani ya bega.

La tatu ni mazoezi, na hili ndilo gumu kwa mtu mwenye fahari. Jumatano asubuhi, tukitoka zamu, saa ambazo bei ni ya chini na wenzetu ukumbini ni wastaafu, tunarusha tufe la kwanza la kila raundi kwa pini ya 10 tu. Pini zote kumi zimesimama mbele yako, mfuko unakuita, nawe unaangusha moja ya kona, unaondoka na alama 1. Kioo cha juu kinaonyesha 1, 1, 0, 1. Wastaafu walituonea huruma, mmoja akaja kutufundisha kurusha. Tulipomweleza tunachofanya alivua kofia. Mwezi wa kwanza tulipata mara tatu kwa kumi. Sasa, siku tusizochoka, mara sita au saba. Dada yetu ndiye wa kwanza wetu, ingawa bado akiwa ametoka usiku mbaya wodini huwa anaikosa, na huwa hatusemi kitu, tunamsogezea chai.

Wodini tuna mtu kama ile pini. Mgonjwa akizimia katikati ya wodi, watu kumi wanakimbia, vifaa vinakuja, kelele. Lakini saa kumi alfajiri, chumba cha mwisho wa korido, yule asiyebonyeza kengele, huyo ndiye mwalimu wetu alituambia tumwendee hata kama miguu inauma. Mwalimu yule hakuwahi kucheza bolingi, kwa tunavyojua.

Tumalizie na lililo mezani. Kamati imependekeza kwamba mwaka huu siku ya kuchangia tucheze kwa kanuni ile ya hisani, ambapo ukiangusha pini 9 kwa tufe la kwanza unahesabiwa straiki. Tunajua nia ni njema. Watu watapata alama kubwa, watafurahi, watarudi. Kanuni hiyo ipo, inatumika sehemu nyingi, wala si dhambi. Kwa watoto tunaikubali kabisa, na vizuizi vya mfereji vinyanyuliwe. Lakini kwa watu wazima tunaomba isitumike, na sababu yetu ya kwanza ni ya mfukoni. Mzee wetu ameahidi tena, safari hii dola 30 kwa kila speya ya pini moja. Mkizihesabu tisa kuwa kumi, hakuna pini moja itakayobaki, na mzee atarudi nyumbani na hundi yake nzima mfukoni. Tunamwona anatabasamu.

Sababu ya pili ni dada yetu. Amefanya mazoezi mwaka mzima kwa ajili ya pini ambayo kamati inataka kuihesabu kama imeanguka. Tulimwuliza kama tuiseme hii mbele ya watu. Alisema semeni, lakini msiseme kwamba nadaiwa, nimekwishaliacha hilo. Kwa hiyo hatusemi.

Tunaomba pia kila timu ije na orodha ya ahadi iliyosainiwa, na kila ahadi ilipwe palepale ukumbini kabla watu hawajavua viatu. Mweka hazina atakuwa na meza yake karibu na mlango. Mlango ni mmoja.

Siku yenyewe ni Jumamosi ya pili ya Februari, saa nane mchana. Timu ni za watu wanne wanne, tuna nafasi ya timu mbili zaidi. Viatu vya kukodi viko, lakini soksi hawatoi, kila mtu aje na zake. Lile tufe la rangi ya machungwa tutaliweka kwenye rafu ya kwanza, anayetaka kulijaribu kwa kona alichukue, ila amrudishie dada yetu kabla ya raundi ya kumi.

Mpishi anatupungia mkono.